Siku Tulipovaa Suti Kuomba Tuitwe Maskini

Mzazi akiingia ofisini kwako kujaza fomu, usimtazame viatu. Na kama umeshavitazama, visahau kabla hujaandika neno lolote. Mimi viatu vilinidanganya miaka mingi, na miwani nilikuwa nayo.

Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia nyinyi vijana wa kanisa letu mliopata kazi za ukarani mashuleni mwaka huu. Mchungaji aliniomba niwaandikie ushauri wa ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Mtu amekaa nyuma ya kaunta ya shule mpaka magoti yamekataa ngazi, halafu unampa ukurasa mmoja. Nitaandika ninavyotaka, na atakayechoka apumzike kisha arudi. Najua pia wako wengine wenu mnaokisikia Kiswahili vizuri lakini nikiwasalimu mnanijibu kwa Kizulu. Haidhuru. Mwambieni mama awasomee, nanyi mziweke simu chini.

Mimi ni Wakesho, Mtaita wa Wundanyi. Nilikuja Johannesburg nikimfuata mume wangu, Mwakio, aliyekuwa akifundisha hesabu chuo kikuu. Kazi yangu mwenyewe niliipata katika shule ya msingi ya serikali kule Malvern, hatua chache kutoka Jules Street. Jina la shule sitalitaja, kwa sababu watu wake bado wapo na wana masikio. Makarani tulikuwa wawili. Mmoja alilipwa na serikali ya mkoa. Wa pili, yaani mimi, nililipwa na bodi ya wazazi kutoka kwenye karo. Hilo la karo lishikeni vizuri, maana ndilo lililokuja kunisumbua.

Aliyenifundisha kazi ni yule karani wa serikali, mama wa Kizulu tuliyemwita Gogo Dlamini, yaani Bibi Dlamini. Alikuwa mkali, na kikombe chake cha chai hakuna aliyethubutu kukigusa. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mzazi mmoja: "Unafanya kazi gani? Mshahara wako ni kiasi gani?" Gogo akaniacha nimalize. Mzazi alipotoka, akanigeukia.

"Wewe mtoto," akasema, "umemuuliza mtu mzima mshahara wake mbele ya mtoto wake. Amekudanganya, na alikuwa na haki ya kukudanganya."

Akanifundisha swali lake yeye. Muulize mzazi: "Kwenu asubuhi nani hutoka kwanza, na huelekea wapi?" Ukishauliza, nyamaza. Mzazi ataanza na anayetoka kwanza, ataendelea na wa pili, atakuambia nani hubaki nyumbani na kwa nini anabaki. Chai yako haijapoa, umeshajua nyumba ile ina watu wangapi, wangapi wana kazi, nani anaumwa, na hujamvunjia mtu heshima yake. Sijawahi kupata swali bora kuliko hilo, na nawapa bure.

Sasa kulijua swali ni jambo moja, kuwa na subira ya kuliuliza ni jambo jingine. Siku zile uandikishaji ulikuwa wa kupanga foleni, kabla mambo hayajahamia kwenye mtandao, na foleni ilizunguka ua mzima tangu alfajiri. Gogo alikuwa ameshastaafu, na mkoa haukuleta karani mwingine. Mimi nikataka foleni isogee, basi nikawagawia watu fomu wajaze wenyewe. Jamani! Ungelisoma rundo lile ungedhani Malvern ni mtaa wa mabalozi. Kinyozi wa Kikongo kaandika kwa Kifaransa "homme d'affaires", yaani mfanyabiashara mkubwa. Mtanzania mwenye meza ya kuuza chaja za simu kaandika "mkurugenzi". Wakenya wenzangu ndio msiseme: mtu hana kazi tangu Pasaka, kaandika "mshauri wa biashara". Warundi peke yao waliacha nafasi wazi, na mimi kwa kujitia ujanja nikawajazia: "biashara". Nikaziingiza fomu zote kwenye kompyuta, nikajiona hodari.

Ili mwelewe ubaya wa jambo hilo, lazima niwaeleze madaraja. Shule za serikali hapa Afrika Kusini zimepangwa katika madaraja matano, kuanzia maskini kabisa hadi zenye nafuu. Madaraja matatu ya chini hayatozi karo. Serikali inaongeza fungu kwa kila mtoto, na watoto wanapikiwa chakula pale pale shuleni. Madaraja mawili ya juu yanatoza karo, na jiko hakuna. Daraja la shule linatokana na mtaa uliopo. Hawamwangalii mtoto mmoja mmoja, wanautazama mtaa kwenye takwimu na ramani. Na mtaa wetu kwenye ramani ulikuwa mzuri: nyumba za matofali za zamani, kila moja na baraza lake mbele na kijibustani. Kilichokuwa nyuma ya baraza ramani haikukionyesha. Basi tukawekwa juu, na karo ikatozwa kwa watu ambao nusu yao hawakuweza kuilipa.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Bwana Nkabinde, mtu mpole mwenye tai moja. Siku moja aliniita, akafunga mlango.

"Wakesho, nataka tukate rufaa mkoani. Watushushe daraja. Barua nataka uiandike wewe, una mkono mzuri."

Nikasema sawa. Akabaki anazungusha kalamu yake.

"Lakini unaelewa," akasema. "Tukishushwa, karo imekwisha. Na karo ikiisha, bodi haina cha kukulipa. Ukiiandika vizuri barua hii, unajifukuza kazi."

Nilielewa. Mwakio wakati huo alikuwa ameshaacha kazi mapema kwa sababu ya kisukari, na kodi ya nyumba ilisimama juu ya mshahara wangu. Nilipofika nyumbani nikamsimulia. Akacheka, akasema, "Basi iandike vibaya." Alikuwa ananitania. Nusu alikuwa ananitania.

Niliiandika vizuri. Hilo nataka mlijue kabla sijawaambia mengine. Nikaeleza ukweli wote niliokuwa nao, mwalimu mkuu akatia saini, ikaenda. Baada ya majuma kadhaa mkoa ukajibu: ofisa atakuja kuiona shule na kukutana na wazazi.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa Papa Dieudonné, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mwenye kibanda chake hapo hapo Jules Street. Mtu nadhifu huyo hujapata kuona. Hata akienda kununua mkate amenyoosha suruali. Wazazi wengi walikuwa Wakongo, na kwa kuwa mimi nilizungumza nao Kiswahili, waliniita Mama Sekretere. Mwalimu mkuu akaniachia kazi ya kuwaalika. Nikaandika kwenye kundi la simu la wazazi: "Ndugu wazazi, Jumatano tunapokea wageni wa serikali. Njooni kwa wingi."

Basi. Sikuongeza neno. Sikusema wageni hao wanakuja kutazama nini.

Papa Dieudonné akaja mbio ofisini, tepu ya kupimia shingoni.

"Mama Sekretere, bageni ya serikali banakuya! Beko bangapi?"

"Mmoja, Papa. Mama mmoja."

"Hata mumoja. Siye tutamupokea muzuri. Ataona kama batoto ya hapa beko na bazazi."

Jumanne wazazi walikuja kupaka geti rangi. Niliwaona dirishani. Walichanga rangi ya bluu, wakapaka geti, wakapaka na mawe ya njiani, wakafagia mpaka nje barabarani. Mwalimu mkuu siku hiyo alikuwa na mkutano Midrand, hakuwepo kuwazuia. Mimi nilikuwepo. Nilijua kabisa kwamba mtu anayeomba kushushwa daraja hapaki geti rangi siku moja kabla ya kukaguliwa. Nikawapelekea maji ya kunywa, nikarudi kukaa.

Jumatano, ofisa akafika. Aliitwa Bi Mokoena, mwanamke mfupi mwenye gari dogo lenye vumbi na viatu vya kutembelea. Akashuka, akasimama. Mbele yake wamejipanga akina baba kumi na wawili ndani ya suti. Suti, watoto! Moja ya zambarau, moja ya kijani kibichi, moja nyeupe pepe, na viatu ukitaka unajiona uso. Akina mama wamejifunga vitenge vya Jumapili, vilemba mpaka juu. Mlinzi wa geti akampigia saluti. Na kwenye ukumbi kuna kuku, kisamvu wanachokiita sombe, ndizi, sambusa zangu mwenyewe, na keki. Keki!

Bwana Nkabinde alinitazama. Nikatazama dari.

Kisha Papa Dieudonné, ndani ya ile suti ya zambarau, akasimama kutoa hotuba. Kiingereza chake hakikutosha kwa shughuli kubwa vile, basi akasema Kiswahili na mimi nikawa mkalimani. Akamkaribisha mgeni, akamshukuru Mungu, akaishukuru serikali. Halafu akanyoosha mkono kuelekea madarasani, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Batoto yetu habakosi kintu!"

Hapo, wanangu, nilikuwa na nafasi. Mkalimani ana njia zake. Ningeweza kusema, "Wazazi wanajitahidi." Ningeweza kukohoa. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa Kiingereza safi: watoto wetu hawakosi kitu. Bi Mokoena akaandika kwenye daftari lake.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono. "Mama, nimekagua shule nyingi," akasema. "Sijawahi kushibishwa namna hii."

Rufaa ikakataliwa. Barua ilisema hali ya shule ni nzuri, wazazi wanajimudu, na taarifa za uandikishaji zinathibitisha hivyo. Taarifa hizo ndizo zile fomu za wakurugenzi na washauri wa biashara nilizoziingiza mimi mwenyewe. Bwana Nkabinde aliisoma akiwa amesimama, akavua tai yake, akaenda kufundisha darasa la sita. Nami nitawaambia nilichofanya jioni ile, kwa sababu mkinisikiliza mimi tu nikijisifu hamtajifunza kitu. Nilipita buchani nikanunua nyama nzuri. Nilikuwa na furaha. Kazi yangu ilikuwa imepona. Mwakio akauliza tunasherehekea nini, nikamwambia nilitamani tu nyama.

Sasa nije kwenye maktaba. Shule haikuwa na mtu wa maktaba, basi wakati wa mapumziko nilikwenda kuifungua mimi. Ilikuwa ndogo, chumba chenye rafu nne, na kila siku ilijaa. Nilijivunia sana. Nilisimama mbele ya shule nzima nikawasifu: tazameni wenzenu wanaopenda vitabu kuliko kucheza! Aliyekuwa haachi siku hata moja ni Neema, binti wa Papa Dieudonné, mtoto wa darasa la nne, mwembamba, amesuka nywele vizuri sana. Hata nilimsimamisha baba yake njiani nikamwambia, "Papa, huyu mtoto wako atafika mbali, kila mapumziko yuko na kitabu." Akasema asante, akaenda zake upesi. Nikadhani ana mteja.

Siku moja kulikuwa na jua zuri la majira ya baridi, nikaamua kuwafukuza nje wakaote. "Tokeni, tokeni, vitabu havikimbii." Hawakutaka. Wakashika meza. Nikamvuta Neema mkono kwa utani, na skaftini yake ikaanguka. Skaftini ni kile kikopo cha chakula wanachobeba watoto hapa. Kikafunguka sakafuni. Kilikuwa kitupu, kimeoshwa, hakina hata chembe ya mkate.

"Umeshakula?" nikamuuliza.

"Nimekula, Madam."

Mtoto mdogo wa darasa la pili aliyekuwa kando akanieleza, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni: "Madam, hapa wanakaa wale ambao hawana chakula. Wenye chakula wako nje."

Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto. Nikawatazama wote waliokuwa mle ndani, rafu kwa rafu. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa nimewapigia makofi mbele ya shule nzima kwa sababu wana njaa.

Mchana huo huo nikaenda kwa Papa Dieudonné. Hakuwa kibandani, nikaelekezwa nyumbani kwake, mtaa wa pili kutoka shuleni. Niliijua nyumba ile kwa nje, yenye baraza na waridi. Nikapita kando yake hadi nyuma, na nyuma kulikuwa na milango. Mlango baada ya mlango, vyumba vya matofali na vya mabati vimebanana uani, na mwisho kabisa gereji iliyogawanywa kwa mbao. Nusu ya gereji ndiyo ilikuwa kwake. Kitanda kimoja, godoro limesimamishwa ukutani, cherehani ya akiba, sare ya Neema imepigwa pasi. Na upande mmoja wote, kutoka darini mpaka chini, suti.

Nikamweleza kuhusu skaftini. Akasimama.

"Mama Sekretere, unakuya ku nyumba yangu kunitukana? Mutoto yangu anakula!"

"Papa, mficha uchi hazai."

"Na mimi nimeisha zaa! Neema njo yule!"

Nikashindwa, nikacheka. Ni wakati mbaya wa kucheka, lakini jibu lilikuwa zuri. Akanitazama kwa hasira kidogo, kisha mabega yake yakashuka, naye akacheka, akaketi kitandani. Akaeleza bila kuulizwa tena. Wateja wanaleta kitambaa, wanalipa nusu, nguo ikiisha hawarudi. Anaamka anashona, jioni hana kitu. Asubuhi mtoto hunywa chai, na skaftini anabeba kwa sababu baba yake hataki atoke mikono mitupu.

"Na zile suti za Jumatano?" nikauliza.

Akaninyooshea kidole ukutani. Kila suti ilikuwa na kikaratasi kimebanwa kwa pini, jina la mteja. "Ile ya zambarau iko ya mutu ya Yeoville. Ile ya kijani, mutu ya Soweto. Ile nyeupe, pasta moya, mwenyewe hajaivala. Niliwavalisha bote kumi na mbili. Siku ile nilikuwa naogopa tu mutu asimwange soda."

Nikaona sasa ni zamu yangu. Nikamweleza ni kitu gani Bi Mokoena alikuja kutafuta, kwamba tulikuwa tunaomba tuitwe maskini ili karo iishe na watoto wapikiwe. Nikamwambia nililijua hilo nilipoandika ule ujumbe, nililijua nilipowaona na rangi ya bluu, na nililijua zaidi nilipotafsiri. Nikamwambia kwa nini. Mshahara wangu unatoka kwenye karo.

Nilingoja anifukuze.

"Kumbe hata weye ulificha," akasema mwishoni. Kisha akauliza, "Kama banatukubali, weye utakula nini?"

"Sijui, Papa."

"Sawa. Tuandike tena."

Rufaa ya pili niliiandaa kwa muda wa majuma mawili, na hapa vijana ndipo pa kujifunza kazi. Niliwaita wazazi mmoja mmoja, nikawakalisha, nikawapa chai. Sikuuliza kazi wala mshahara. Niliuliza lile swali la Gogo Dlamini: kwenu asubuhi nani hutoka kwanza, na huelekea wapi? "Mkurugenzi" akaniambia hutoka yeye kwanza kwenda kutafuta pa kuweka meza kabla askari wa jiji hawajaamka. Mkenya mwenzangu, mshauri wa biashara, akaniambia kwao hakuna anayetoka. Akalia hapo kaunta, nikamfungia mlango ili asionekane. Niliandika kila nyumba namba ya geti na idadi ya milango iliyo nyuma yake. Mkiwa na kompyuta zenu hizo mpya, fanyeni hivyo hivyo. Kompyuta inakubali chochote unachoilisha.

Kisha nikampigia simu Bi Mokoena. Alinikumbuka mara moja.

"Mama," akasema, "kwenu nilikula kuku na keki."

"Ndiyo maana naomba urudi. Safari hii hatutakupa hata maji."

Akacheka, akakubali.

Alikuja. Hatukumpeleka shuleni kabisa. Papa Dieudonné alimngojea kwenye lile baraza lenye waridi, akiwa na fulana ya kazi na tepu shingoni, na niliona jinsi mikono yake haikujua ikae wapi. Kumwonyesha mgeni chumba chako kikiwa hivyo kilivyo, kwa mtu yule ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo barabarani. Alimpitisha kando ya nyumba. Akabisha mlango wa kwanza, ikatoka familia. Akabisha wa pili. Saa ile akina mama walikuwa wanafua, wakasimama na povu mikononi wakamsalimia. Bi Mokoena akawa anahesabu kwa midomo. Tulipofika gereji, Papa akafungua mwenyewe, akasogea pembeni.

Bi Mokoena aliingia, akatazama kitanda, akatazama godoro. Halafu akaiona suti ya zambarau. Akaisogelea, akasoma kile kikaratasi.

"Hii si uliivaa wewe?"

Nikatafsiri. Papa akaitikia kwa kichwa.

"Mbona jina ni la mtu mwingine?"

Akamweleza. Akaeleza na ile ya kijani, na ile ya mchungaji, na woga wa soda. Bi Mokoena alianza kucheka taratibu, kisha akashika ukuta, akacheka mpaka akatoa leso. Sisi tukacheka naye. Alipopata pumzi akafuta macho, na uso wake ukabadilika.

"Lakini baba," akasema, "siku ile ulikuwa na njaa nyumbani. Kwa nini hukuniambia?"

Papa Dieudonné alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Madam," akasema, "ulikuwa mugeni."

Hilo nalo nililitafsiri neno kwa neno. Bi Mokoena akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniomba ile orodha yangu ya mageti na milango. Akaandika kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Jibu lilikuja karibu na kufunga mwaka. Barua za shule hufunguliwa na karani, kwa hiyo niliisoma mimi kwanza, peke yangu, ofisini. Tumekubaliwa. Tangu mwaka mpya shule haitatoza karo, na jiko litaletwa. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Nikamkumbatia mlinzi. Halafu nikakaa, nikakumbuka kodi ya nyumba, nikaisoma tena kuona kama kuna mahali wamekosea. Hawakuwa wamekosea.

Bodi ilikubali nimalizie Januari, ili tuvuke siku ya kumi ya masomo. Siku hiyo kila shule huhesabu watoto wake, na kwa hesabu hiyo mkoa unapanga walimu, kwa hiyo karani haondoki kabla yake. Tulihesabu darasa kwa darasa, hata waliokuwa chooni tuliwasubiri. Tulipomaliza, Bwana Nkabinde akaniita.

"Wakesho, kuna barua moja imebaki," akasema, akashindwa kuniangalia. "Na mimi kuchapa sijui."

Ilikuwa barua ya kuniachisha kazi. Nikaketi, akanisomea, nikachapa. Aliandika kwamba nimekuwa na "utumishi wa kuridhisha". Nikamwambia, "Bwana Nkabinde, andika mzuri." Akasema, "Andika bora." Nikaandika bora. Nikamsahihishia na tarehe, maana alikuwa bado anaandika mwaka uliopita. Akatia saini, nikapiga muhuri, nikatoa nakala, nikaiweka kwenye faili langu mahali pake. Nikamkabidhi funguo za kabati.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Tulihamia nyumba ndogo zaidi, Mwakio akafundisha watoto wa jirani hesabu sebuleni, na mimi nilikaa miezi kadhaa kabla shule nyingine haijanichukua. Lakini mkiniuliza ni siku gani ya kazi yangu ningependa kuirudia, ni hiyo ya kufukuzwa.

Maana nilipotoka ofisini na mfuko wangu, kengele ya mapumziko ilikuwa imelia. Chini ya kibanda cha mabati kilichojengwa kando ya ukumbi, akina mama watatu walikuwa wanapakua mahindi na maharagwe kwenye masufuria makubwa kama mapipa. Watoto walikuwa foleni, wote, na sahani za plastiki, wanasukumana, wanapiga kelele, mwalimu wa zamu amechoka kuwanyamazisha. Huwezi kujua yupi alikuja na chakula kutoka kwao na yupi hakuja nacho. Nikasogea mbele kuchungulia sufuria, kama nilivyozoea kuchungulia kila kitu pale shuleni.

Mama mmoja mpishi, mgeni, hakunijua, akanizuia na upawa. "Eish, mama, hata wewe? Foleni inaanzia kule nyuma."

Nikaenda nyuma. Nikasimama nyuma ya watoto wa darasa la kwanza, na mfuko wangu begani, nikangoja zamu yangu. Maharagwe yalikuwa na chumvi nyingi. Nilikula yote.